Trekta Inapokohoa: Cheche, Msimu na Kilimo cha Nyanda za Juu

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kama zinagombana. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto akizisikia zote mbili siku moja humwuliza babu yake ashike ipi. Babu mwenye busara humjibu azishike zote mbili, kwa kuwa kila jambo lina saa yake, na kuikosa saa hiyo ni hasara, uwahi au uchelewe.

Leo nataka tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho hakina huruma hata kidogo kwa mtu anayesahau methali hizo. Chombo hicho ni injini ya trekta kuukuu, ile ya petroli au ya mafuta ya taa, iliyotangulia trekta za dizeli tunazozijua leo. Najua wapo watakaouliza: mambo ya plagi na pointi yanahusu nini historia? Naomba tuvumiliane. Katika Nyanda za Juu za Kusini, yaani Iringa na Mbeya za zamani kabla hazijazaa mikoa ya Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, mtu hawezi kusimulia habari ya mahindi bila kusimulia habari ya trekta. Na hawezi kusimulia habari ya trekta kwa ukweli kama hajui ni kitu gani kilichokuwa kikiifanya iwake au ikatae kuwaka.

Tuanze na injini yenyewe. Mjerumani Nikolaus Otto alifanikiwa mwaka 1876 kuunda injini inayofanya kazi kwa mapigo manne: kunyonya, kubana, kuwaka na kutoa moshi. Pistoni inaposhuka hunyonya hewa iliyochanganyika na petroli. Inapopanda huubana mchanganyiko huo. Kisha cheche ya umeme hupasuka kwenye plagi, mchanganyiko unawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Hiyo ndiyo nguvu inayovuta plau. Inapopanda tena husukuma moshi nje, na kazi inaanza upya.

Sasa swali lililowasumbua mafundi wa kwanza lilikuwa hili: cheche hiyo ipasuke lini hasa? Mtu ambaye hajafungua injini atasema ipasuke pistoni inapofika kileleni. Kumbe sivyo. Petroli haiwaki yote mara moja kama baruti. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko kunahitaji muda, hata kama ni mdogo sana. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huzunguka zaidi ya mara 33 kwa sekunde moja. Kama ina silinda nne, ndani ya sekunde hiyo moja hutoa cheche zipatazo 67. Moto ukianza pistoni ikiwa tayari kileleni, nguvu yake itaikuta pistoni imekwisha kushuka, na sehemu kubwa ya joto itapotelea kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo cheche hutangulia kidogo, nyuzi kadhaa kabla ya kilele, ili nguvu kamili ije pistoni inapoanza tu kushuka. Huko kupima na kupanga wakati wa cheche ndiko mafundi wetu wanakokuita taimingi.

Ikitangulia mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda. Injini hugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Na kwa trekta za zamani zilizowashwa kwa hendeli, hatari ilikuwa ya mkono wa mtu: hendeli iliweza kurudi nyuma kwa ghafla na kuvunja kiwiko au kifundo. Ndiyo maana dereva mzoefu alimfundisha tandiboi asikizungushie hendeli kidole gumba, bali akiweke upande mmoja na vidole vingine, na avute kwenda juu badala ya kusukuma kwenda chini. Somo hilo halikuandikwa ubaoni. Aliyelipuuza alilikumbuka akiwa na mkono uliofungwa bendeji.

Ikichelewa mno, injini hainung'uniki sana. Inawaka, inanguruma, lakini haina nguvu. Inachemsha maji, inakunywa mafuta, bomba la moshi linawaka moto, na kwenye kilima kidogo dereva anashuka gia. Huo ndio ugonjwa mbaya zaidi, kwa sababu hauna kelele.

Wazungu walowezi walioingia Iringa, Mufindi na Mbeya kati ya vita viwili vikuu vya dunia, wakalima tumbaku, chai, kahawa na pareto, ndio walioleta trekta za mwanzo katika sehemu hizi. Wakati huo trekta iliyokuwa imeenea kuliko zote duniani ilikuwa Fordson, ambayo Henry Ford alianza kuiuza mwaka 1917. Baada ya vita ikaja Ferguson ndogo ya rangi ya kijivu, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, kwa idadi iliyozidi 500,000. Mwaka 1949 walitoa aina iliyotumia mafuta ya taa ya trekta: dereva aliiwasha kwa petroli, akasubiri injini ipate moto, kisha akageuza koki. Asiyesubiri alilipa baadaye, kwani mafuta ambayo hayakuungua yaliteremka kandoni mwa pistoni na kuchanganyika na oili, na oili nyepesi haikingi beringi.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wake mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa iko mashariki ya Dodoma, si mbali sana na Iringa. Waingereza walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Walileta trekta na matingatinga mengi yaliyotumika vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa trekta. Mashine zile zilikufa kwa wingi na haraka kuliko karanga zilivyoota, maana zilikuja kabla ya gereji, kabla ya vipuri na kabla ya mafundi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamezikwa kwenye vichaka vya Ugogo. Funzo lilikuwa wazi kwa aliyetaka kulisoma: trekta bila fundi ni chuma cha kupumzikia kuku.

Lakini wakati Waingereza wakishindwa Kongwa kwa fedha za umma, upande wa pili wa Mto Ruaha, kwenye barabara ya kutoka Iringa kwenda Dodoma, Waafrika walikuwa wakifanya jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia. Mahali hapo ni Ismani. Kuanzia miaka ya 1940 na hasa miaka ya 1950, watu kutoka Uhehe na sehemu nyingine walihamia huko, wakafyeka pori na kupanda mahindi ya kuuza. Udongo ulikuwa mpya na wenye rutuba, na ardhi ilikuwa tambarare. Walioanza mapema na kupata fedha walinunua trekta. Baadhi yao walilima mamia ya ekari, na wakawalimia majirani kwa malipo. Miongoni mwa wakulima hao wakubwa walikuwamo pia wanawake.

Hebu tujiulize, msikilizaji, ni nini kilichomfanya mkulima wa Ismani aipende trekta kiasi hicho? Jibu liko mbinguni. Nyanda za Juu za Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hakuna vuli na masika kama wanavyopata wenzetu wa Kilimanjaro na Tanga. Ardhi ya Ismani ikikauka ni ngumu, jembe la mkono linaruka. Mvua ya kwanza ikinyesha inalainika, na hapo kila siku ni dhahabu. Aliyepanda wiki mbili baada ya mwenzake aliweza kuona mahindi yakinyauka yakiwa yanatoa mbelewele, mvua ikiwa imekwisha kwenda zake. Mwenye jembe la mkono alilima ekari chache ndani ya siku hizo. Mwenye trekta alilima zake zote na za jirani.

Basi mfikirieni mkulima huyo asubuhi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza, trekta yake inapokataa kuwaka. Duka la vipuri liko Iringa mjini. Fundi aliyesomea hayupo kijijini. Yupo dereva wake tu, aliyejifunza kwa macho gerejini kwa mlowezi au kwa Mhindi. Dereva huyo alifanya nini?

Kwanza alifungua kifuniko cha distributa na kutazama pointi, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunga na kufungua mkondo wa umeme. Zikiwa zimeungua, alizisugua kwa msasa laini. Kisha alipima nafasi kati yake, zikiwa zimefunguka kabisa, kwa fila, ambalo ni bamba jembamba la kupimia. Hatua hiyo ilikuwa lazima itangulie, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika, wakati wa cheche nao unabadilika. Nafasi ikiwa kubwa, pointi hufunguka mapema. Ikiwa ndogo, huchelewa.

Pili, alitoa plagi ya silinda ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, na mwenzake akazungusha injini polepole kwa hendeli. Upepo ulipokisukuma kidole, alijua kwamba pistoni inapanda katika pigo la kubana, si lile la kutoa moshi. Hapo wengi walipotea. Pistoni hufika kileleni mara mbili katika mapigo manne, na aliyechagua kilele kisicho chake aliipanga injini yake kinyume kabisa.

Tatu, alizungusha taratibu mpaka alama iliyochongwa kwenye flaiwili au puli ikasimama mbele ya mshale wake. Akahakikisha rota inatazama waya wa silinda ya kwanza. Akalegeza boliti inayobana distributa.

Nne, alichukua taa ndogo, akaunganisha waya wake mmoja kwenye distributa pale unapoingia waya mwembamba wa koili, na mwingine kwenye bodi ya injini. Pointi zikiwa zimefunga, umeme hupita kwenye pointi na taa haiwaki. Zikianza tu kufunguka, taa inawaka. Akageuza distributa kidogo kufuata upande wa mzunguko wa rota mpaka taa ikazima, kisha akairudisha kinyume, kidogo kidogo, mpaka taa ikawaka. Hapo hapo akabana boliti. Asiyekuwa na taa alitumia karatasi nyembamba ya sigara: aliibanisha kati ya pointi, akaivuta polepole huku akigeuza distributa, na ilipochomoka bila kukatika alijua kwamba cheche imefika saa yake. Mwisho akarudisha nyaya kwa mfuatano wa injini yenyewe, ambao kwa Ferguson ni moja, tatu, nne, mbili.

Kazi hiyo yote haizidi saa moja kwa mtu anayeijua. Lakini kwa asiyeijua inaweza kumaliza msimu mzima. Tena huku kwetu milimani alihitaji jambo moja zaidi. Kitabu cha trekta kiliandikwa Uingereza, karibu na usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa huo. Hewa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake hata ikiwa mpya. Mchanganyiko mwepesi huwaka polepole zaidi, kwa hiyo fundi mwenye sikio aliweza kuitanguliza cheche kidogo kuliko kitabu kilivyosema, akasikiliza trekta ikivuta plau, na ikianza kugonga akairudisha. Dereva aliyefanya hivyo pengine hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa fizikia. Hata hivyo alikuwa akifanya fizikia.

Nimesema kuhusu ugonjwa usio na kelele. Kuna kitu ndani ya distributa ambacho kila mwenye trekta kuukuu alipaswa kukijua. Kisigino kinachofungua pointi hulika kwa kusuguana. Kinapolika, nafasi ya pointi hupungua, na cheche huchelewa. Haichelewi kwa siku moja. Huchelewa unywele leo na unywele kesho, na dereva anayekaa juu ya trekta hiyo kila siku hatambui. Anazoea. Anasema trekta imezeeka. Anasema mafuta ya siku hizi ni mabaya. Ni mgeni anayekuja na kusema: bwana, injini yako imechelewa.

Nadhani, ndugu msikilizaji, historia ya kilimo cha trekta katika mikoa yetu inafanana na kisigino hicho.

Miaka ya 1960 Serikali mpya ilianzisha makazi ya mfano na kuyapa trekta. Mpango ule uliachwa mwaka 1966 kwa sababu gharama zilizidi mavuno. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na baadaye Ujamaa Vijijini. Huko Ismani swali likawa gumu: ardhi kubwa na trekta za watu wachache zifanywe nini? Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, alikwenda katika shamba la mkulima Saidi Mwamwindi. Ilikuwa sikukuu, lakini mvua haijui sikukuu, na Desemba ni mwezi wa kulima. Yalitokea maneno, na Dakta Kleruu akapigwa risasi akafa. Mwamwindi mwenyewe aliuchukua mwili hadi polisi Iringa na kujisalimisha. Mahakama ilimtia hatiani na akanyongwa. Chuo cha Ualimu Kleruu mjini Iringa kinabeba jina la marehemu hadi leo.

Sitaki kufukua makaburi kwa ajili ya kuhukumu. Watu wawili walikufa, na kila mmoja aliacha watu wa kumlilia. Ninachotaka tukione ni jambo lililofuata. Mwezi Mei 1972, mjini Iringa hapo hapo, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Tamko lilizungumzia ukulima bora na zana bora, na lilikuwa na maneno mengi ya busara. Wakulima wakubwa wa Ismani walipoteza mashamba, na trekta nyingi zikaanza kupita mikononi mwa vijiji, mashirika na miradi. Tatizo ni kwamba hati ya umiliki inaweza kuhamishwa kwa siku moja, lakini sikio la fundi halihamishwi kwa hati. Dereva aliyejua trekta ile inagonga vipi ikipanda kilima, na anayejua ni nyuzi ngapi za kuirudisha, alikuwa ni mali isiyoandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Wakati huo huo injini zenyewe zilikuwa zinabadilika. Dizeli ilikuwa imeshinda petroli. Haina plagi wala pointi. Mafuta hupulizwa ndani ya hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto, na huwaka yenyewe. Lakini nayo ina taimingi yake, kwenye pampu. Massey Ferguson na Ford za dizeli zilienea, na miaka ya 1980 trekta za Valmet kutoka Finland ziliunganishwa Kibaha. Huku Mbarali, Usangu, Wachina walitusaidia kujenga shamba kubwa la mpunga la Serikali, na Mbeya kikajengwa kiwanda cha Zana za Kilimo. Juhudi hizo zilikuwa za kweli. Hata hivyo bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, na fedha za kigeni za kununua vipuri zikaadimika. Trekta ikafa kwa kukosa nozeli moja, kisha ikachinjwa ili kuokoa nyingine, kisha hiyo nyingine ikafa pia.

Watu wengine husema trekta zetu ziliuawa na siasa. Wengine husema ziliuawa na wakulima wasioelewa mashine. Mimi nasema zilichelewa unywele kwa unywele, na hakuna aliyeshika fila. Kila mpango ulihesabu trekta zilizoingia. Ni mara chache uliohesabu mafundi. Baada ya Kilimo Kwanza, kilichozinduliwa mwaka 2009, trekta zilikuja tena, safari hii kutoka India, na baada yake za Ursus kutoka Poland. Usangu pawatila zimepata heshima yake kwa wakulima wa mpunga. Hayo ni mazuri. Lakini swali la Kongwa la mwaka 1947 bado linangoja pale pale: nani ataifungua injini hiyo siku mvua ya kwanza itakaponyesha?

Ipo pia deni kwa ardhi. Udongo wa Ismani uliolimwa mahindi mwaka baada ya mwaka ulichoka, na mavuno yakapungua hata kabla ya mgogoro wa mwaka 1971. Huko nako ni kuchelewa kimyakimya. Trekta yenye taimingi nzuri kabisa haiwezi kuvuta rutuba ambayo haimo tena ardhini.

Katika vijiji vyetu bado wapo wazee waliopanga taimingi kwa karatasi ya sigara. Wanazidi kupungua. Pikipiki za vijana wetu leo hazina pointi. Cheche yake hupangwa na kiboksi cha elektroniki ambacho hakifunguliwi, hutupwa na kununuliwa kingine. Sisemi turudi kwenye hendeli. Mikono iliyovunjika inatosha. Nasema kijana wa chuo cha ufundi aende akakae na mzee huyo siku moja, amwulize alijuaje. Asimwulize habari za pointi tu, bali namna ya kusikiliza. Maana anayejua kuisikia injini inayochelewa atajua pia kuisikia pampu, pawatila, na huenda hata ofisi.

Ukiona vyaelea vimeundwa, ndugu msikilizaji, na vilivyoundwa huhitaji wa kuvitunza. Mvua za Nyanda za Juu zitakuja Novemba au Desemba kama zilivyokuja enzi za mababu. Hazitatungoja tutafute spana. Tukutane wiki ijayo.